Gemu gani mnacheza huko Mwanza? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila jioni, kuanzia vibanda vya gemu vya Mabatini na Igoma hadi vyumba vya wanachuo kule Malimbe. Majibu ni maoni ya wachezaji, na yangu yamo humo humo. Wanapopingana nimewaacha wapingane. Upendeleo wangu nautaja mapema: gemu siipimi kwa uzuri wa picha. Naipima kwa jinsi inavyovumilia zamu fupi, bando dogo, na watu waliojazana nyuma ya benchi wakikuamuru umpasie nani.

Kwa sasa watu wanacheza nini hasa?

Mpira. Ingia kibanda chochote, skrini nyingi zina mpira: EA Sports FC (FIFA ya zamani) kwenye PlayStation 4 (PS4), PES za miaka iliyopita kwenye PS3 na PS2. Ukiona skrini moja imeachiwa gemu za ngumi, Tekken au Mortal Kombat, basi hapo kuna madogo waliotoka shule, au wakubwa wawili wenye kisasi cha jana.

Kwenye simu ndiko kuna mchanganyiko: eFootball, Dream League Soccer, Free Fire, PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile. Wenye PS5 nyumbani wapo pia, ila kibandani huwaoni mpaka wachoke kuifunga kompyuta na kutamani binadamu wa kumfunga.

FC 26 imetoka. Nihame kutoka FC 24 au FC 25?

Inategemea wewe ni nani. FC 26 ilitoka Septemba 26, 2025, na jambo lake kubwa ni kwamba uchezaji umegawanywa mara mbili. Kuna mtindo wa ushindani, wa kasi, pedi inajibu papo hapo, kwa ajili ya wanaokutana mtandaoni. Na kuna mtindo unaojaribu kuiga mpira wa kweli, polepole kidogo, kwa wale wanaoongoza klabu yao peke yao msimu mzima. Wachezaji niliozungumza nao wengi wameupenda ule wa kwanza. Malalamiko ya FC 25 yalikuwa kwamba unabonyeza pasi, mchezaji anafikiria kwanza, halafu mpira umeshachukuliwa. Hilo limepungua.

Mtindo wa pili kibandani hauna mteja. Mtu aliyelipia mechi moja hana subira ya kujenga mashambulizi kuanzia kwa kipa.

Jambo ambalo wauzaji hawakwambii: mambo mengi yanayosifiwa kwenye video za YouTube ni ya PS5. FC 26 ipo kwenye PS4, inacheza vizuri tu, lakini ile teknolojia ya HyperMotion inayofanya wachezaji watembee na kukimbia kama wanavyofanya uwanjani haimo. Kwa hiyo mwenye PS4 anayehama kutoka FC 24 ananunua hasa vikosi vipya. Na vikosi si kitu kidogo mjini hapa. Shabiki wa Arsenal anataka Gyökeres akiwa na jezi nyekundu, wa Liverpool anamtaka Wirtz, na hakuna maelezo ya kiufundi yatakayomtuliza.

Ushauri wangu, basi. Kama una kibanda, nunua, maana mteja huuliza mlangoni kabla hajakaa: "Mna mpya?" Kama uko nyumbani na marafiki zako bado wako FC 24, baki nao. Gemu hizi hutoka kila Septemba, na miezi michache baadaye bei yake mtandaoni hushuka sana. Anayenunua wiki ya kwanza analipia haraka yake.

Na kwa wanaouliza: ndiyo, hii ni FIFA ile ile. EA na shirikisho la FIFA waliachana, FIFA 23 ikawa ya mwisho kubeba jina hilo. Mtaani jina halijabadilika. "Tucheze FIFA" bado inaeleweka kuliko kitu kingine chochote.

eFootball na FC, ipi ni mpira wa kweli?

Hapa ndipo watu hukosana.

Upande wa PES, gemu ya kampuni ya Konami ambayo sasa ndiyo eFootball, una wazee wake, na wana hoja. Wanasema pasi ya Konami ina uzito, mpira ni kitu huru kinachodunda, haujabandikwa mguuni kwa gundi. Waliokulia kwenye PES 2013 bado wanaizungumzia kwa heshima, pamoja na vituko vyake vya majina: Chelsea ikiitwa London FC, kwa sababu Konami hawakuwa na kibali. Kuna watu wazima mjini hapa ambao bado wakiona Chelsea inacheza wanasema "London" kwa utani.

Halafu likaja pigo. Septemba 30, 2021 Konami walifuta jina la PES, wakaleta eFootball ya bure. Ilikuwa aibu: nyuso za wachezaji zilizopinda, timu chache, mambo ya msingi hayapo. Kampuni iliomba radhi, na toleo lililofanana na gemu iliyokamilika lilikuja Aprili 2022. Simu zilifuatia Juni mwaka huo. Wengi wa vibandani hawakungoja. Walihamia kwa EA au wakarudi PES 2017 na PES 2021, na wapo huko mpaka leo.

Uamuzi wangu ni huu, na najua utanitenga na baadhi ya marafiki. Kwenye simu eFootball haina mpinzani: vidole viwili tu, na bado unapiga pasi unayoijutia kwa haki. Kwenye TV, FC inashinda kwa sababu isiyohusu uchezaji kabisa. Ina Ligi Kuu ya Uingereza nzima, majina, jezi na viwanja. Mtu wa Mwanza anayefuata ligi hiyo kila wikiendi anataka kumaliza usiku ule mechi iliyomuudhi mchana.

Mbona bado kuna PS2? Si ilishakufa?

Kiwandani ilikufa mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya mashine milioni 155 duniani. Mtaani bado inapumua. FIFA rasmi ya mwisho kutolewa kwa PS2 ni FIFA 14, na PES 2014 nayo ilifika. Baada ya hapo mafundi wenye kompyuta walichukua gemu hizo hizo, wakabadilisha majina, jezi na vikosi, wakaziandika mwaka mpya kwenye jalada. Unacheza "2025" ambayo mifupa yake ni ya zamani.

Inadumu kwa sababu tatu, na ya kwanza inatosha: bei. Ya pili, ikizingua, fundi wa redio anaweza kuifungua. Jicho lake likichoka kusoma CD, watu wanachomeka flashi na maisha yanaendelea. Ya tatu ni GTA: San Andreas.

Gemu ya Oktoba 2004 ambayo watoto waliozaliwa baadaye wanaijua kwa kichwa. Kwenye ukuta wa vibanda vingi utakuta kodi za siri za vitufe zimeandikwa kwa peni: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Afya inajaa, fulana ya kuzuia risasi inarudi, na dola 250,000 zinaingia mfukoni. Wa kompyuta wao wanaandika HESOYAM. Wengi hawajawahi kumaliza misheni hata kumi; wanaendesha tu, wanagonga, wanakimbia polisi, zamu inaisha. Naliona hilo kuwa sifa. Gemu inayokupa kitu kizima ndani ya dakika kumi imeielewa Mwanza kuliko walioitengeneza walivyokusudia.

Simba, Yanga na Pamba Jiji ziko kwenye gemu gani?

Rasmi, kwenye FC hazimo. Ligi Kuu ya Tanzania Bara haijawahi kuingizwa. Mtanzania aliyekuwamo akitafutwa kwa hamu ni Mbwana Samatta, hasa kwenye FIFA 20 alipohamia Aston Villa Januari 2020. Kwa kipindi kile kuchagua Villa hakukuwa jambo la kuchekwa.

Njia ya wengi ni Dream League Soccer. Inakuruhusu kuingiza jezi yako mwenyewe, picha ya mraba ya 512 kwa 512, ukabadilisha jina la klabu na nembo. Ndiyo maana simu nyingi zina Simba inayomchezesha Haaland. Pamba Jiji iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, jezi zake zilianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wachezaji wa hapa, nyingine zimechorwa vizuri, nyingine Mungu anajua. Wenye FC kwenye PS4 hutumia sehemu ya kuunda klabu mpya na kuipa jina la nyumbani.

Free Fire au PUBG?

Angalia simu yako kwanza, kisha muda wako.

Free Fire ya Garena ilitengenezwa ikiwa na simu nyepesi akilini. Watu 50 kisiwani wanapigana risasi mpaka abaki mshindi, mechi inaisha kama dakika kumi. Wahusika wana uwezo maalumu, jambo ambalo wa PUBG hulidharau wakiliita uchawi. Madogo wa shule wanaipenda, na ukisikia mtu anapiga kelele "Booyah!", neno lake la ushindi, dirishani Nyakato saa tano usiku, ndiyo hiyo.

PUBG Mobile inaweka watu 100 kwenye ramani ya Erangel yenye kilomita 8 kwa 8. Unaweza kutembea dakika kumi na tano bila kukutana na mtu, halafu ukauawa na usiyemwona. Wanaoipenda wanapenda hiyo hofu. Kwa asiye na muda kuna Livik, ramani ndogo ya kilomita 2 kwa 2. Rafiki mmoja dereva wa bodaboda anacheza Livik tu, kijiweni, akisubiri abiria. Akipata abiria katikati ya mechi, timu yake inamlaani.

Call of Duty: Mobile ina wachache lakini wakali. Mechi za watano kwa watano ni fupi, zinafaa kuliko zote mbili kwa mtu wa zamu. Tatizo lake ni ujazo. Inakula nafasi ya simu mpaka unafuta picha za harusi.

Kwa nini gemu inakwamakwama usiku hata nikiwa na bando kubwa?

Bando kubwa halikupi kasi ya kujibu. Hilo ndilo watu wengi hawalikubali.

Unapobonyeza pedi, ujumbe unatoka Mwanza kwa nyuzi hadi Dar es Salaam, unaingia kwenye mkonga wa baharini, unaenda kwenye seva, kompyuta inayoendesha mechi, iliyoko mbali, mara nyingi Ulaya au Mashariki ya Kati, kisha jibu linarudi njia ile ile. Mwanga ndani ya nyuzi hizo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Inaonekana kasi mpaka upige hesabu: njia ya kilomita 10,000 kwenda na 10,000 kurudi ni milisekunde 100, hapo bado mitambo ya katikati haijala muda wake. Mpinzani aliye jirani na seva anaona mpira mapema kuliko wewe. Akikupokonya, si kwamba amekuzidi sana.

Usiku kunaongezeka foleni ya mnara: mtaa mzima uko kwenye simu, na mnara ni ule ule. Jaribu asubuhi mapema utaona tofauti. Chagua seva yenye namba ndogo zaidi kama gemu inakuruhusu, na kama unacheza kwa TV, tumia waya kutoka kwenye rauta badala ya Wi-Fi.

Kuna siku kosa haliko Mwanza kabisa. Mei 12, 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania iliyumba na mechi za mtandaoni zikawa hadithi. Vibanda havikuathirika, pedi mbili na TV moja havihitaji bahari.

Kuhusu MB: mechi yenyewe inakula kidogo kuliko unavyodhani. Kinachomaliza bando ni masasisho. Zima masasisho ya kujiendesha, kisha tafuta siku ya kupakua ukiwa kwa mtu mwenye Wi-Fi, na umpelekee angalau soda.

Naenda Ukerewe, mtandao majini unapotea. Nicheze nini?

Dream League kwa sehemu yake ya ligi. San Andreas ya simu, iliyotoka Desemba 2013. Na PPSSPP, programu inayoigeuza simu kuwa PSP, ile PlayStation ndogo ya kubeba. Kwayo utacheza Tekken 6 au God of War: Ghost of Sparta bila hata MB moja. PPSSPP yenyewe ni halali na ya bure. Mafaili ya gemu yanayorushwa rushwa kwa Bluetooth ndiyo hayana kibali, hilo ulijue. Na zile "eFootball 2026 za PPSSPP" zinazosambaa ni PES ya zamani ya PSP iliyovishwa jezi mpya. Zinachezeka, ila usishangae wimbo wa mwanzo ukiwa wa zamani kuliko mchezaji uliyemchagua.

Chaji ijae kabla ya kupanda kivuko. Mwanga wa jua ziwani utakulazimisha kupandisha skrini mpaka mwisho, na hapo betri haina maisha.

Kuna anayecheza gemu za stori?

Wapo, majumbani. Kibandani gemu za stori zina maadui wawili: zamu na memori. Unalipa, unacheza God of War ya 2018, umefika mahali shujaa wake Kratos na mwanawe wanapanda mlima, muda unaisha. Kesho unakuta mtu ameanza upya juu ya memori yako. Hakuna kosa linalozua ugomvi mkubwa kuliko hilo, na mwenye kibanda atakwambia alikuwa anakula.

Hata hivyo kuna gemu za stori zinazotazamika. God of War ni mojawapo: waliosubiri zamu zao hunyamaza na kuangalia kama sinema, wakimshauri Kratos. Spider-Man ya 2018 pia, kwa sababu kuruka tu kati ya maghorofa ni burudani. Red Dead Redemption 2 ni kinyume. Mwanachuo mmoja wa Malimbe ananiambia ndiyo gemu bora aliyowahi kucheza, na namwamini, lakini alipowaonyesha wenzake chumbani waliona farasi anatembea kwenye theluji muda mrefu wakaondoka mmoja mmoja. Mwanzo wake ni mzito. Ukiwa peke yako na usiku mrefu, nenda nayo. Mbele ya watu, hapana.

Tekken: kumchagua Eddy ni haki?

Hapana. Swali linalofuata.

Haya, nitaeleza. Eddy Gordo alikuja na Tekken 3, anapigana kwa capoeira, mchezo wa mateke wa Brazili, na mtu asiyejua kitu anaweza kuponda vitufe vya teke akamwangusha aliyejifunza kwa mwezi. Vijiwe vingine vimempiga marufuku. Vingine vinamruhusu kwa mgeni wa mara ya kwanza tu. Kwangu hiyo ya pili ndiyo ya busara, maana mgeni akishinda mara moja atarudi.

GTA VI inakuja lini, na PS4 yangu itaicheza?

Rockstar, watengenezaji wake, walionyesha video ya kwanza Desemba 2023 wakasema 2025. Ikasogezwa hadi Mei 26, 2026, kisha hadi Novemba 19, 2026. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X|S. PS4 haimo. Anayekuuzia CD yake ya PS4 leo hii ni mtu wa kukimbiwa. Wakati unasubiri, GTA V ya 2013 bado ina watu.

Umeme ukikatika katikati ya mechi, nani mshindi?

Kila kijiwe kina katiba yake. Iliyoenea: ukikatika kabla ya kipindi cha pili, mechi inarudiwa bila malipo. Ukikatika kipindi cha pili na mtu anaongoza kwa mabao mawili au zaidi, ameshinda. Bao moja ndilo lenye kelele. Wengine hulirudia, wengine hupiga penati umeme ukirejea. Nimependa zaidi kijiwe kimoja jirani na Mwaloni wa Kirumba, ambapo wateja ni wapakiaji wa dagaa wenye haraka: huko hakuna kurudia. Umeme ukiondoka, mechi imekufa, kila mtu ashike njia, na anayefuata ndiye anayeanza ukirudi.

Kwa mashine yenyewe: PS4 iliyozimika ghafla hukagua diski yake ya ndani ikiwaka tena. Iache imalize. Usiiweke kwenye hali ya usingizi usiku kucha mahali umeme unapochezacheza. Izime kabisa, uchomoe. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inatosha kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima.

Mwanangu anashinda kwenye gemu. Niogope?

Mama, baba, tofautisha mambo mawili. La kwanza ni kupenda kupita kiasi, ambalo mtoto analo pia kwa mpira wa barabarani. La pili ni ugonjwa, ambao Shirika la Afya Duniani limeutambua katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022: mtu anashindwa kujizuia, gemu inatangulia kila kitu, anaendelea hata anapoona inamharibia, na hali hiyo kwa kawaida inadumu miezi kumi na miwili. Wengi wako kwenye la kwanza.

Ninalowaomba mjali zaidi ni vitu ambavyo hamviulizi. Anacheza gemu ya umri gani? GTA ni ya miaka 18, imeandikwa kwenye jalada. Hela ya nauli inaishia wapi? Na pale kibandani, wanacheza kwa raha au wanawekeana hela? Kaeni naye mechi moja. Akikufunga kumi bila, angalau mtakuwa mmeongea.

Wasichana wanacheza?

Wanacheza, wengi kwenye simu na vyumbani, wachache vibandani, na sababu si siri: benchi limejaa wanaume wenye maneno. Dada mmoja wa Nyegezi anayewafunga watu eFootball kila wiki ananiambia hatumii jina lake halisi ili apate mechi tulivu. Jirani zetu Kenya wana Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, mcheza Tekken aliyesajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018. Mwenye kibanda anayetaka wateja wapya aanze na kuchunga lugha ya pale ndani.

Naweza kupata pesa kwa kucheza?

Duniani pesa ipo: mashindano ya Esports World Cup ya Riyadh mwaka 2024 yalikuwa na zawadi za zaidi ya dola milioni 60. Hapa, zaidi utapata mashindano ya mtaa ambayo kila mtu anachanga kiingilio na mshindi anachukua sehemu. Uliza mapema nani anashika hela, na kama hakuna jibu, usichange.

Upande wa pili wa pesa ni ule unaotoka. Zile pakiti za wachezaji za FC na kadi za magwiji za eFootball hununui mchezaji, unanunua bahati. Ubelgiji iliziona kuwa kamari, na EA wakaacha kuuza huko pointi za FIFA, zinazonunua pakiti hizo, Januari 2019. Mimi sinunui. Wanaonunua wananionyesha Messi wao kwa furaha, wiki mbili baadaye wameshapewa Messi mwingine mwenye namba kubwa zaidi.

Natafuta PS4 iliyotumika. Nikague nini?

Usinunue mashine iliyozimwa, hata muuzaji awe mjomba wako. Iwashwe, ichezwe nusu saa. Feni ikianza kuunguruma kama inataka kupaa, ndani kuna vumbi na dawa ya joto imekauka. Fundi atarekebisha, ila ipunguze kwenye bei. Ingiza CD mbili tofauti, uone zinasomwa na kutolewa bila kusukumwa. Ingia kwa akaunti yako mwenyewe mtandaoni, maana mashine iliyofungiwa itakataa hapo hapo. Angalia ujazo: yenye GB 500 itajaa haraka, gemu moja ya siku hizi inaweza kula GB 50 na kuendelea.

Pedi ndiyo inayodanganya zaidi. Fungua mechi, uiweke mezani bila kuigusa. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe kuelekea kibendera cha kona, fimbo imechoka. Bonyeza L2 na R2 taratibu, si kwa nguvu, uone kama mbio zinaanza mapema. Na uliza kama inakuja na pedi ya pili. Nyingi zinazouzwa kama mpya ni kopi. Zinafanya kazi, lakini kitufe cha X huwa cha kwanza kulegea, na X ndiyo pasi.